Lifti ya Watu Wawili

Kuna mchezo mmoja wa kompyuta, wa kizamani, wa bunduki, ambao vijana wa siku hizi wakinikuta nao wananicheka mpaka wanashika mbavu. Wewe ni askari. Uko kwenye kituo cha utafiti kilichojengwa juu ya mwezi wa sayari ya mbali, na wafanyakazi wote wa kituo wamegeuka mazimwi. Askari mwenyewe humwoni. Unaona mikono yake na bunduki tu, maana macho yake ndiyo macho yako. Unapita kwenye vijia vyenye giza, unafungua milango, unapiga kila kinachokujia. Basi. Jina lake sitalitaja. Wenyewe wameshaujua, na wasioujua hawatapungukiwa na kitu.

Mimi naupenda, na sitaki kusikia habari ya picha. Ndiyo, picha ni mbaya. Zimwi likiwa mbali ni zimwi, likikukaribia linageuka vipande vya miraba kama sakafu ya vigae. Lakini ukiuwasha, unacheza papo hapo. Hii michezo yenu mipya inakuuliza nywila, inakuuliza barua pepe, inapakua asubuhi nzima mpaka bando linakwisha, halafu inakuwekea sinema ya watu wanaoongea tu, halafu inataka kukuuzia kofia. Kofia ya nini? Mzoea punda hapandi farasi, na huyu punda wangu ananifikisha ninakokwenda.

Kasoro zake nazijua, sifumbi macho. Watu wamefika kwenye mwezi wa sayari ya mbali, wana bunduki za miale, lakini hakuna hata mmoja aliyekumbuka kubeba balbu. Milango inafunguliwa kwa funguo za rangi, nyekundu, buluu, manjano, na unaweza kuzunguka mpaka chai ipoe ukitafuta ufunguo ambao mjinga fulani ameuacha nyuma ya pipa. Mapipa yenyewe yanalipuka. Ni nani anayepanga mapipa ya kulipuka kando ya mlango wa ofisi? Hayo yote nayasamehe. Kasoro kubwa ni lifti iliyoko katikati ya mchezo, na hiyo nilicheza miaka mingi bila kuiona. Nilikuja kuiona mama mkwe wangu alipoletwa kukaa kwetu.

Naishi Busia, upande wa Kenya. Zamani nilikuwa na saiba, watu wakipanga foleni kusoma barua pepe zao, halafu simu za mkononi zikaiua, nikabaki na kompyuta kuukuu chini ya kitanda na nyaya gunia zima. Siku hizi nauza chaja na vioo vya simu. Mke wangu kwao ni ng'ambo ya mpaka, Mukuju, ukishapita Tororo mjini. Mama yake alikuwa akiishi huko peke yake kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, analima, anafuga kuku, hana shida na mtu.

Kiharusi kilimshika akiwa jikoni. Mguu ulirudi upesi. Ulimi nao ukarudi, tena na nyongeza. Lakini mkono wa kulia ulibaki umefumba ngumi, na mtu akiufungua kwa nguvu unajifumba tena. Akasema atazoea. Siku moja akashika sufuria ya uji kwa kitambaa, vidole vikakaza, moto ukapenya kitambaa, na mkono ukakataa kuachia. Majirani walimkuta amekaa chini na sufuria yake, uji umemwagika, analia kwa hasira. Hapo mashemeji zangu, ambao wote wanafanya kazi Kampala, wakakata shauri kwamba mama haishi peke yake tena mpaka mkono ufunguke. Binti ni mmoja, naye ni mke wangu. Wakamleta kwangu.

Kwa asiyejua desturi zetu, wacha nieleze. Kwetu Wasamia, na kwao Jopadhola pia, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyomkimbia. Kanisani tunafundishwa mengine, lakini hata mchungaji wetu namwona akimwona mama mkwe wake sokoni, anavyogeuka ghafla kutazama nyanya.

Sasa fikiria nyumba yenye sebule, vyumba viwili na mlango wa nyuma. Nikaanza kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kabla ya kutoka chumbani nakohoa. Mke wangu anachungulia sebuleni, anasema, "Pita," nami napita mbio kama kuku anayevuka barabara. Mama naye akitaka kwenda msalani anakohoa. Kuna siku tulikohoa pamoja, kila mtu akarudi ndani kusubiri mwenzake apite, na tukasubiriana hivyo mpaka mke wangu aliporudi kutoka dukani akatukuta. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha, nilikuwa nimebanwa.

Lakini mwenye shida hasa alikuwa yeye. Mwanamke kuzeekea kwa mkwe ni aibu. Kufia huko ni balaa, wenyeji wataulizwa, wanawe wataulizwa, na kaburi lenyewe litaanza kwa maneno. Kuta za ndani za nyumba yetu hazifiki kwenye bati, kwa hiyo kila jioni nilimsikia akimwambia binti yake, "Mimi natoka hapa lini? Mimi sitaki kufa kwa nyumba ya mkwe." Kiswahili chake ni hicho cha ng'ambo, cha sokoni, na alikisema kwa sauti, nadhani makusudi, ili nami nisikie kwamba hanitukani. Nilikuwa nimelala upande wa pili nikitazama bati, na iliniuma. Mama wa watu alitaka kwake tu.

Kila wiki mke wangu alivuka naye mpaka kumpeleka Tororo kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mkali asiyetaka mchezo. Huyo aliwaambia kitu ambacho mke wangu alikirudia nyumbani mara nyingi: kufumba vidole si kazi, mkono wa kiharusi hufumba wenyewe. Kazi ni kuviinua. Akaagiza kila siku mkono ulazwe mezani, na mgonjwa ajaribu kuinua kidole kimoja kimoja. Kidole kikijiinua chenyewe na kushuka pale mwenyewe anapotaka, atamruhusu aende kwake.

Mama akakataa katakata. "Mimi si mtoto ya nasari," alisema. "Kukaa kwa meza nainua kidole, shusha kidole. Watu nacheka mimi." Mke wangu akabembeleza, akagomba, akalia. Ng'o. Mkono ukakaa pajani umefumba, na mwezi ukaisha hivyo.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, soko likalala, nikabaki nyumbani. Sebule ilikuwa ya mama, kwa hiyo mimi nilikuwa mfungwa wa chumbani. Nikavuta kompyuta moja kutoka chini ya kitanda, nikawasha mchezo wangu. Nilijisahau, nikaongeza sauti. Milio ya bunduki, mazimwi yanakoroma, mapipa yanalipuka. Mara sauti ikapanda juu ya ukuta.

"Mkwe naua nini huko?"

Alikuwa akimwuliza mke wangu. Mimi na yeye hatukuwa tukisemeshana moja kwa moja. Neno lilipitia kwa mke wangu hata kama wote watatu tunasikiana vizuri kabisa. Nikasema, "Mwambie mama naua mazimwi." Mke wangu akasema, "Anaua mazimwi, mama." Mama akasikiliza. Halafu, "Mwambie ile moja naguna upande ya kushoto, hajaua hiyo." Nikageuza askari wangu kushoto. Kumbe kweli, lilikuwepo, limejificha nyuma ya nguzo.

Aisee, nilifurahi. Ujanani kazi ya mama ilikuwa kulinda mtama dhidi ya ndege, na alisema, "Ndege na zimwi tabia yao moja, nakuja upande ile ile ilikula jana."

Mke wangu ndiye aliyeona jambo ambalo mimi, na akili zangu zote za kompyuta, sikuliona. Mchezo huu wa kizamani hauna habari ya kipanya. Unachezwa kwa vitufe tu. Mkono wa kushoto unafyatua risasi na kufungua milango. Mkono wa kulia unakaa kwenye vitufe vinne vya mishale, mbele, nyuma, kushoto, kulia, na ndio unaotembea. Kila kidole kina mahali pake, na hakifanyi kazi mpaka kiinuke kwanza. "Si ndiyo yale mazoezi?" akaniuliza. Nilitaka kumbusu hapohapo lakini mama yake alikuwa sebuleni.

Tukaweka kompyuta ya pili chumbani kwa mama. Waya nikaurusha juu ya ukuta, mke wangu akaudaka upande wa pili. Mchezo una namna ya watu wawili: mnaingia kwenye kituo kilekile, mmoja ana askari wa kijani, mwingine ana askari wa kahawia, mnasaidiana. Hii nayo naihesabu katika sifa zake. Michezo ya sasa inataka mtandao, inataka akaunti, inataka upigane na mtoto wa Ulaya anayekutukana. Huu ulitaka waya tu.

Siku za kwanza ilikuwa vioja. Kidole chake cha kati kikilazwa kwenye mshale wa mbele, kinashuka kwa uzito wake na hakipandi. Kwa hiyo askari wa kahawia alikwenda mbele moja kwa moja, akagonga ukuta, akaendelea kutembea palepale ukutani kama mlevi anayetafuta mlango. "Hii mtu nakataa kusimama!" mama alipiga kelele. Mke wangu ilibidi akae kando yake, akiinua kidole kwa mkono wake kama anayefunua sufuria, ndipo askari asimame. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na huo mama aliutumia bila huruma. Tukamweka mlangoni, asiende popote, alinde. Hakuna zimwi lililopita.

Siku moja alinilipua kwa pipa. Nilikuwa nimejibanza kando yake, risasi ikaenda upande, nikafa. Kumwua mkwe, hata kwenye kompyuta, si jambo dogo. Baadaye mke wangu akaja mlangoni, uso umekaza kwa kujizuia kucheka. "Mama anasema pole, amekuua." Nikasema, "Mwambie si kitu, nimeshafufuka." Tangu hapo kila nikifa, hata nikiuawa na zimwi, alituma pole.

Na nikaona jambo jingine, juu yangu mwenyewe. Ndani ya mchezo nilikuwa sichezi kama zamani. Askari wa kahawia akiwa chumbani, mimi siingii. Nangoja kwenye kijia mpaka atoke. Tukikutana ana kwa ana namgeuza wangu atazame pembeni. Sikuwa nimeamua, mikono ilifanya yenyewe. Yeye naye vivyo hivyo, mke wangu aliniambia mama humwamuru, "Geuza mimi haraka, mkwe nakuja." Tulikuwa na kituo kizima cha anga, mazimwi kila kona, na bado tunakoholeana.

Ndipo tukafika kwenye lifti.

Ukicheza peke yako unaingia, unabonyeza, unapanda kwenda sehemu ya juu, hujui hata kama kulikuwa na lifti. Mkicheza wawili, haiendi mpaka wote muwe ndani. Na ni ndogo kama choo cha shimo. Askari wawili wakisimama mle wanabanana, pua kwa pua. Hapa ndipo ninapowalaumu waliotengeneza mchezo huu. Walifikiria uzito wa risasi, walifikiria damu inavyoruka, lakini hawakufikiria hata dakika moja kwamba kuna watu duniani ambao hawawezi kusimama ndani ya lifti moja. Hawakuwa na wakwe, wale.

Nikasimama nje ya lifti. Yeye akasimama upande wa pili. Mazimwi yakaja, yakatuua sote wawili tukiwa tunapishana adabu. Tukarudia, tukauawa tena palepale.

"Hizo ni picha," mke wangu alisema, amechoka nasi. "Picha! Ingieni!"

"Picha ya nani?" nikamwuliza.

"Mimi siingii pale na mkwe," mama akasema kutoka kwake. "Siingii."

Tukajaribu njia ya panya. Mimi nifike mpaka lifti, halafu mke wangu akae kwenye kompyuta yangu aingie na mama yake, mtu na binti yake, hakuna aibu. Lakini mazimwi huja kwa wingi lifti inapofunguka, na mke wangu akiona zimwi anafumba macho na kubonyeza kila kitufe. Alitumaliza. Akaniachia kiti akisema mchezo wenyewe ni wa wendawazimu. Na mama hakuufurahia mpango huo hata kabla askari wake hajauawa. "Mimi nakuja na mkwe mpaka hapa," alisema. "Namaliza na mkwe."

Tukakwama. Siku zikapita mama haombi kompyuta iwashwe. Kidole kikarudi kulala pajani. Na juu ya hayo shemeji yangu mkubwa akapiga simu kutoka Kampala. Simu ya mke wangu husikika nyumba nzima. Alisema nyumba ya Mukuju imekaa bure, mchwa wameanza, na kwa kuwa mkono wa mama hauonyeshi dalili, wao ndugu wameonelea watafute mpangaji aingie, kuku wagawiwe majirani. Mama atabaki Busia. Alisema kwa upole, ni mtu mzuri, lakini alisema.

Baada ya simu ile sikusikia neno kutoka chumba cha pili. Hata lile la kila jioni, la natoka hapa lini, hakulisema. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira na sijui nimkasirikie nani. Shemeji? Kiharusi? Nilijikasirikia mimi na kikohozi changu.

Kesho yake, Jumapili, tulipotoka kanisani, mama mwenyewe ndiye aliyeanza. "Mwambie mkwe awashe ile kitu. Leo napanda ile lifti."

Nikawasha.

"Mwambie mkwe," akasema, "kwetu Mukuju njia ikiwa nyembamba, na mtu nakutana na mkwe wake, wanafanya nini?"

Nilijua. Kwetu pia ni hivyo. Kila mmoja anasogea kando ya njia, anampa mwenzake mgongo, anatazama mahindi mpaka mwenzake apite. Hamjaonana, hamjakwepana, kila mtu ameheshimiwa.

"Mwambie aingie yeye mbele, atazame ukuta. Mimi naingia kinyumenyume. Tunapeana mgongo."

Mimi na mke wangu wote tulielewa anachosema. Kuingia kinyumenyume maana yake kidole cha kati kitoke kwenye mshale wa mbele, kiinuke hewani, kishuke kwenye mshale wa nyuma. Na lifti ilivyo fupi, akishafika ndani kiinuke tena, upesi, la sivyo askari wake ataendelea kurudi nyuma na kunibana ukutani, tugusane. Kuinua mara mbili. Alikuwa hajawahi kuinua hata mara moja.

"Mimi nakuinulia, mama," mke wangu akasema.

"Toa mkono yako."

Tukasafisha kijia kwanza, mimi nikikimbia, yeye akifyatua. Mlango wa lifti ukafunguka. Nikaingia, nikageuka, nikatazama ukuta. Sasa jamani, mnajua mchezo huu ulivyo: unaona kile tu ambacho askari wako anakitazama. Mimi nilikuwa natazama ukuta. Kioo kizima kilikuwa kijivu. Sikumwona yeye, sikuyaona mazimwi, sikuona mlango. Lisilo budi hutendwa, lakini haki ya Mungu sijawahi kuogopa mchezo kama siku ile, na ulikuwa mchana kweupe, watoto wa jirani wako nje wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Risasi ya kwanza ya mazimwi ikanipata mgongoni. Sikugeuka. Kupitia juu ya ukuta nilimsikia mama akihema, na mke wangu akinong'ona, "Inua, mama. Inua. Inua tu." Hakukuwa na sauti ya hatua kwenye mchezo. Alikuwa amesimama nje, anafyatua kwa kushoto, na kulia kumekataa. Ikanipata ya pili. Afya yangu ilikuwa imebaki kidogo, kioo kinawaka wekundu. Nilitaka kugeuka nimsaidie, na nilijua nikigeuka nitamtazama usoni, na atakimbia asirudi tena kwenye kompyuta ile wala nyingine.

Halafu nikasikia hatua. Buti juu ya chuma, ko, ko, polepole, zikija nyuma yangu. Nikasikia zikisimama. Zilisimama zenyewe. Mke wangu akapiga ukelele ambao sijausikia tangu siku ya harusi yetu, mlango wa lifti ukajifunga, na ukuta wa kijivu mbele yangu ukaanza kushuka, maana tulikuwa tunapanda.

"Mwambie mkwe," mama akasema, sauti imekwisha kabisa, "asigeuke bado."

Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, chumbani peke yangu, nacheka kama mwehu.

Tangu siku hiyo hakushikika. Kidole cha kati kikafundisha cha shahada, cha shahada kikafundisha cha pete. Hakufanya mazoezi ya nasari hata siku moja. Alitembeza askari wake. Mimi mkono wake sikuwahi kuuona, hairuhusiwi, lakini niliujua kuliko daktari. Askari wa kahawia akizidi kukata kona bila kugonga, nilijua leo kidole cha pete kiko vizuri. Akichelewa kusimama, nilijua baridi imemshika. Tulivuka sehemu moja hadi nyingine, na kila lifti tuliyoikuta tuliingia kwa migongo. Na mtanisamehe nikisema hivyo ndivyo inavyotakiwa kuchezwa. Migongo ikikutana, mmoja analinda mbele na mwingine analinda nyuma, hakuna zimwi la kuwafikia. Wenye mchezo wao wa kutazamana walikuwa wanakufa bure.

Yule mama mkali wa Tororo alimpa kikombe cha maji akishike, akitue mezani, akiachie. Akakiachia. Akamwambia arudie, akarudia. Akauliza amefanya mazoezi gani. Mke wangu anasema mama alijibu kwamba amekuwa akilinda mlango, na hakueleza zaidi.

Mashemeji walikuja na gari asubuhi. Mpangaji alikuwa ameambiwa atafute kwingine. Nyumba ya Mukuju ilikuwa imefagiliwa, kuku wawili watatu walikuwa wamerudishwa. Mke wangu alikuwa nje anapanga mizigo na kaka zake, wanabishana mkeka ukae wapi. Mimi, kama inavyotakiwa, nilikuwa chumbani nimefunga mlango, nimekaa kitandani, nimevaa shati safi kwa mtu asiyeweza kuniona.

Nikasikia miguu sebuleni. Ikasimama karibu na mlango wangu. Hakukuwa na mtu wa kupitisha neno. Wote walikuwa nje.

"Mkwe," akasema.

Hakuwahi kunisemesha hivyo, mimi mwenyewe, tangu nimwoe binti yake. Nikainuka. "Naam, mama."

"Mimi nakwenda kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Siku wewe nasikia mimi nimekufa," akasema, "ujue nimekufa kwangu."

Nilitaka kusema asante. Nilitaka kusema pole, na safari njema, na karibu tena ingawa karibu tena yenyewe haifai. Nililia, sifichi, nimesimama katikati ya chumba na shati langu safi, na nikasema tena, "Ndiyo, mama."

Akaondoka kuelekea mlango wa mbele. Mlango ule una komeo la chuma lenye kutu, gumu, hata mimi hunisumbua. Lazima ulishike kwa vidole vyote vya kulia, ulivute, uliachie. Nikasikia likivutwa. Nikasikia likiachiwa.